Kabla Hujaandika --delete

Igogo ya leo, kuanzia maduka ya Barabara ya Kenyatta hadi ofisi zilizo jirani na bandari ya Mwanza Kusini, imeweka kazi zake nyingi ndani ya diski. Mpiga picha ana harusi za miaka kadhaa kwenye eksteno. Wakala wa forodha ana nakala za hati za mizigo. Karani wa kiwanda cha samaki ana rekodi za kila shehena ya sangara: ilitoka mwalo gani, ilipokelewa saa ngapi, ilikuwa na ubaridi kiasi gani, ikafungwa kwenye maboksi yapi. Wapo vijana wa fani ya kompyuta wanaowafungia watu hawa Linux na kuwaandikia bakapu ya kila usiku kwa rsync. Ni kazi njema, na ningependa iendelee. Ila kuna neno moja ambalo nimekuwa nikilikuta katika amri zao bila mtu kuweza kunieleza limefuata nini pale. Neno hilo ni --delete.

rsync ilitangazwa Juni 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, na Tridgell akaeleza undani wake katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1999. Walitaka kupeleka kwenye laini ya polepole zile sehemu tu za faili zilizobadilika, badala ya kurudia faili zima. Kwa mtu anayenunua bando hiyo ni nafuu kubwa mpaka leo. Ukiandika hivi:

rsync -av /home/studio/picha/ /mnt/eksteno/picha/

programu itapeleka mafaili ambayo eksteno haina, itabadilisha yale yaliyotofautiana, na mengine yote itayaacha yalivyo. Kwa desturi yake haifuti faili lolote upande wa kupokea. Ukiongeza --delete, umeipa agizo la namna nyingine kabisa: hakikisha upande wa kupokea haubaki na kitu ambacho chanzo hakina. Haiulizi kwa nini chanzo hakina kitu hicho. Huenda umekifuta kwa makusudi, huenda umekihamisha, huenda diski ya chanzo haikufunguka asubuhi ile. Kwake yote ni mamoja.

Mchukue mpiga picha. Laptopu yake ni ya GB 256, na harusi moja ya Jumamosi inaweza kula makumi ya GB. Mteja akishachukua albamu yake, mpiga picha hufuta folda ile kwenye laptopu ili apate nafasi ya harusi inayofuata. Anasema, na anasema kweli, kwamba picha zipo kwenye eksteno. Lakini tangu dakika hiyo eksteno si bakapu tena. Imekuwa makao pekee ya harusi ile. Usiku amri ya kawaida inapita ikiwa na --delete ndani yake, inaona laptopu haina folda ya harusi ile, inaifuta kwenye eksteno, na inamaliza bila kutoa neno la kosa, kwa sababu hakuna kosa lililotokea. Imefanya ilivyoambiwa. Bibi harusi akirudi mwakani kuomba picha moja ya marehemu baba yake aliyekuwepo siku ile, hakuna pa kwenda.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kugusa kibodi, ni hili: je, kuna kitu kinachoishi upande wa kupokea peke yake? Kama jibu ni ndiyo, au hujui, ondoa --delete. Nasema hivi bila kupindisha, kwa sababu naamini studio, steshenari na ofisi ndogo nyingi haziihitaji kabisa. Ubaya wa kuiacha ni kwamba ukibadilisha jina la folda kwenye laptopu, eksteno itabaki na folda mbili zenye vitu vilevile, ya zamani na mpya, na nafasi italiwa. Huo ni usumbufu unaomalizwa kwa kukaa nusu saa mara moja kwa mwezi na kupanga. Eksteno nyingine inanunulika. Picha ya mzee aliyekwisha kufariki hainunuliki.

Kuondoa --delete, hata hivyo, hakumalizi hatari zote, na hapa watu wengi hupitiliza. Faili linaweza kupotea bila kufutwa, kwa kuandikwa juu yake. rsync hulinganisha ukubwa wa faili na muda lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vikitofautiana, inapeleka la chanzo likae mahali pa lile lililopo, hata kama lililopo ndilo jipya zaidi. Mhasibu akisahihisha jedwali la mauzo moja kwa moja kwenye seva, huku nakala ya jana ikiwa bado iko kwenye laptopu, bakapu ya usiku itarudisha makosa ya jana juu ya masahihisho ya leo.

Dawa zipo mbili na hazifanani. Kwa vitu visivyotakiwa kubadilika tena, kama picha ghafi kutoka kwenye kamera au hati zilizoskaniwa zikiwa na sahihi na mihuri, tumia --ignore-existing. Faili likishafika halitaguswa tena. Ila usilichanganye na -P au --partial, kwa maana mtandao ukikatika katikati, nusu ya faili itabaki pale ikiwa na jina kamili, na kesho yake --ignore-existing itaiona, itadhani kazi imekwisha, na nusu hiyo haitakamilishwa. Kwa vitu vinavyoendelea kuhaririwa tumia -u, ambayo huruka faili lililo jipya zaidi upande wa kupokea. Hiyo nayo inategemea saa. Kompyuta ya mezani ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka baada ya umeme kukatika ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kila faili utakalolihifadhi siku hiyo litaonekana kuukuu. Kagua saa kabla ya kuitegemea -u.

Sasa niende kwa wale ambao --delete inawafaa kweli: ofisi yenye seva inayotakiwa kufanana na nyingine, au kiwanda ambacho folda zake hupangwa upya kila msimu. Kwao hofu yangu ya kwanza ni mkwaju. Katika rsync, /home/studio/picha/ yenye mkwaju mwishoni maana yake ni vilivyomo ndani ya picha. Bila mkwaju maana yake ni folda ya picha yenyewe. Mtu akiandika

rsync -a --delete /home/studio/picha/ /mnt/eksteno/

ameagiza eksteno nzima ifanane na folda ya picha. Hati za kodi, vyeti vya watoto, kila kilichokuwa kwenye eksteno ile nje ya picha, kinafutwa. Angeuacha mkwaju wa chanzo, ufutaji ungeishia ndani ya /mnt/eksteno/picha tu. Kwa mtu ambaye hajazoea, namshauri auache mkwaju wa chanzo, maana kosa la kukosekana kwake huzaa folda ndani ya folda, jambo linaloonekana na kurekebishika.

Kisha fanya jaribio kavu. Herufi n huiambia rsync ieleze ingefanya nini bila kufanya chochote, na i hutoa maelezo ya kila faili:

rsync -ain --delete /mnt/kazi/picha/ /mnt/eksteno/picha/ | grep '^\*deleting'

Kila mstari utakaotokea unaanza na *deleting, na unataja faili ambalo lingeondoka. Isome mistari yote, usitazame ya mwanzo tu. Ikiwa mingi kiasi cha kutosomeka, hilo lenyewe ni jibu: simama utafute sababu. Weka grep -c badala ya grep na utapata idadi peke yake, ambayo unaweza kuilinganisha na unachokitarajia. Kama jana ulifuta mafaili matatu na leo amri inataka kufuta mia nne, kuna jambo.

Tatizo la jaribio kavu ni kwamba watu hulifanya siku moja, siku ya kuandika skripti, kisha cron huiendesha skripti ile usiku baada ya usiku kwa miaka wakati hali ya mashine inabadilika. Na hapa kwetu hali hubadilika. Umeme unakatika saa tisa usiku, unarudi saa kumi, seva inaamka haraka kuliko diski iliyo kwenye boksi lake la nje. Kama diski ile imeandikwa kwenye /etc/fstab, folda yake ya kufungulia, tuseme /mnt/kazi, ipo tu hata diski isipofunguka. Na kama mtu aliwahi kuunda folda ya picha humo siku ambayo diski haikuwepo, rsync itaikuta folda ile, itaiona tupu, na folda tupu si kosa. Itatii: upande wa kupokea nao uwe mtupu. Chanzo kisipokuwepo kabisa, rsync hulalamika na haifuti. Ikishindwa kusoma sehemu ya diski kwa hitilafu, nayo huahirisha ufutaji yenyewe. Ndiyo maana nakusihi usiweke kamwe --ignore-errors, inayoondoa kinga hiyo. Lakini dhidi ya folda tupu haina kinga yoyote mpaka uiwekee.

Hii ndiyo skripti ninayowapa watu, na kila mstari una sababu:

set -u
mountpoint -q /mnt/kazi || exit 1
mountpoint -q /mnt/eksteno || exit 1
test -f /mnt/kazi/picha/.hiki-ndicho-chanzo || exit 1
rsync -a --delete --max-delete=50 --backup --backup-dir=/mnt/eksteno/vilivyoondolewa/$(date +%F_%H%M) --filter='P /zamani/***' /mnt/kazi/picha/ /mnt/eksteno/picha/

set -u inasimamisha skripti ikikutana na jina la kigezo kisicho na thamani. Katika mistari hii hakuna kigezo, lakini kesho utaongeza, na $CHANZO/ ikiwa haina kitu ndani yake inabaki mkwaju mtupu, yaani mzizi wa mashine nzima. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili yapatayo milioni 34 ya makundi 14 ya watafiti, na kazi za makundi manne hazikuweza kurudishwa. Waliozifuta si wezi wala virusi. Ni programu ya bakapu. Msambazaji wa kompyuta kubwa ya chuo hicho alibadilisha skripti wakati ile ya zamani ikiendelea kukimbia. Mashine ikaendelea kusoma mpya kutoka katikati, kigezo kikawa hakina thamani, na amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za zamani za programu ikageukia mafaili ya watafiti. Kama jambo hilo limewapata wao, fundi wa Igogo anayehariri skripti saa ya bakapu kwa kuwa mteja anamharakisha aweke kalamu chini asubiri imalize.

Mistari miwili ya mountpoint inathibitisha kwamba diski zote mbili zimefunguka. Ule wa test unatafuta faili dogo tupu ambalo umelitengeneza mwenyewe ndani ya chanzo halisi. Lisipokuwepo, hapa si nyumbani, na kazi inasimama. Faili hilo linaokoa hasa siku ya laptopu mpya. Laptopu ya zamani imeibiwa au imekufa, mteja amenunua nyingine, ina folda ya picha iliyo tupu, na fundi kwa mazoea anaendesha amri ileile ya kila siku. Siku hiyo safari inatakiwa igeuke: eksteno iwe chanzo na laptopu iwe mpokeaji, tena bila --delete. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye ukuta wa karakana, kwa sababu siku ya kurudisha data kila mtu ana wasiwasi, mteja amesimama mlangoni, na mikono hufanya ilichozoea.

--max-delete=50 inaweka kikomo. Ielewe vizuri: haizuii ufutaji, inaukata. Hamsini ya kwanza yataondoka, mengine yatabaki, na rsync itamaliza na namba ya hali 25. Iambie skripti ikutumie ujumbe ikiona namba hiyo.

Chaguo ninalolithamini kuliko yote ni --backup pamoja na --backup-dir. Ukiliweka, rsync haifuti tena: kila faili lililopaswa kufutwa, na kila lililopaswa kuandikwa juu, linahamishiwa kwenye folda yenye tarehe na saa ya siku hiyo. Amri iliyokosewa inakuwa kazi ya kurudisha folda moja, na ikiwa diski ni ileile, kuhama huko hakuchukui muda. Iweke folda hiyo nje ya folda inayopokea, kama nilivyofanya, la sivyo --delete ya kesho itaikuta folda ya vilivyoondolewa, itaona chanzo hakina, na itaishughulikia kama takataka. Andika njia kamili inayoanza na mkwaju. Ukiandika njia fupi, rsync huihesabu kuanzia ndani ya folda inayopokea.

Mwisho wa mstari ule kuna --filter='P /zamani/***'. P ni ya kulinda: vitu vinavyolingana na maandishi yale havifutwi upande wa kupokea. Mpiga picha wetu anaweza kuhamishia harusi zilizokwisha kwenye folda ya zamani huko huko eksteno, na zikakaa salama huku folda za mwaka huu zikiendelea kufananishwa. Mkwaju wa mwanzo hapo si mzizi wa diski, ni mwanzo wa safari, yaani ndani ya picha. Nyota tatu nazo zina kazi. Ukiandika P /zamani/ peke yake, umeilinda folda yenyewe, na maadamu chanzo hakina folda ya jina hilo, rsync haiingii ndani yake. Siku mtu akitengeneza folda ya zamani kwenye laptopu, rsync itaingia, na vilivyomo havikulindwa. Nyota tatu zinalinda folda na kila kilichomo. Wengine hutumia --exclude kwa kazi hii, na kweli nayo huzuia ufutaji, lakini huzuia pia kunakili, na siku mtu akiongeza --delete-excluded kinga inageuka kuwa hukumu.

Kwa kiwanda cha samaki haya hayaishii kwenye usumbufu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu zilizokuwa zikitumiwa kuvulia, na wanaokumbuka wakati ule Mwanza wanakumbuka viwanda vilivyonyamaza. Mnunuzi wa Ulaya leo anabanwa na sheria yao ya chakula ya mwaka 2002 kujua bidhaa imetoka kwa nani, kwa hiyo anapouliza shehena ilitoka mwalo gani, rekodi iwepo. Hapa nyumbani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Karani wa kiwanda asiachiwe bakapu ya aina moja. Awe na nakala za tarehe mbalimbali, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili vikiingia usiku wa leo, kufananisha kutayapeleka mafaili yaliyofungwa mpaka kwenye bakapu. rsync ina --link-dest kwa kazi hiyo: kila usiku folda mpya kamili, ambayo mafaili yasiyobadilika hayalipi nafasi mara ya pili. Inahitaji diski iliyoandaliwa kwa mfumo kama ext4. Kwenye exFAT, ambayo eksteno nyingi za dukani huja nayo, haifanyi kazi.

Wenye Windows wasidhani wamepona. robocopy ikiwa na /MIR hufuta vilevile kama --delete. /L ndiyo jaribio kavu lake, na /E peke yake hunakili bila kufuta. Wanaopandisha kazi kwenye Google Drive kwa rclone wakumbuke kwamba rclone sync hufuta upande wa kupokea, rclone copy haifuti, na --dry-run na --backup-dir zipo huko pia.

Limebaki jambo la usafi. Folda ya vilivyoondolewa itajaa, na isitunzwe milele: kwenye steshenari ina nakala za vitambulisho na vyeti vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitaki taarifa za mtu zikae kuliko zinavyohitajika. Lakini usiisafishe kwa find na -mtime. Faili linapohamishwa hubaki na tarehe yake ya asili. Picha ya mwaka 2019 iliyoondolewa kimakosa jana usiku itaonekana ina umri wa miaka, na find itaifuta asubuhi hii, kabla hujajua kwamba imepotea. Futa kwa jina la folda, kwa tarehe uliyoiandika wewe, kwa mkono wako, baada ya kufungua ndani na kutazama. Mimi huacha miezi mitatu ipite, na kabla ya kufuta humwita mwenye kazi akae pembeni yangu, kwa sababu yeye ndiye anayejua harusi ni ya nani.